Barua ya wazi kwa wakuu wa nishati Lamu: lipieni stima ya usiku, msilipie hesabu ya paneli

Kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu, kwa Shirika la Umeme Vijijini na Nishati Jadidifu, yaani REREC, kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA, na kwa bodi za vyama vya ushirika vinavyoendesha au vinavyotaka kuendesha umeme wa vijiji visiwani.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Tunaowaandikia ni mafundi wa sola na wa mitambo ya barafu tunaofanya kazi katika visiwa vya Lamu. Jambo letu ni moja. Vijiji vya visiwani vinapohamishwa kutoka dizeli kwenda jua, zabuni iandikwe kwa yuniti za stima zitakazofika nyumbani baada ya Maghrib, kwa miaka 10. Isiandikwe kwa idadi ya paneli zitakazoshushwa gatini. Zabuni inayohesabu paneli humlipa mkandarasi siku anapomaliza kufunga. Betri ikichoka mwaka wa tatu, bolti zikiliwa na kutu, inveta, kifaa kinachogeuza stima ya paneli na betri iwe ya kutumika nyumbani, ikizimika kila mota ya barafu inapowashwa, yeye keshalipwa zamani, na ushirika umerudi kukopa mafuta dukani.

Mnajua hali ilivyo nchini. Kwenye gridi ya taifa, karibu yuniti 9 katika kila 10 zinatokana na joto la ardhi, maji, upepo na jua. Laini ya kilovolti 220 imetoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen, ikafika Lamu. Langobaya, nyuma ya Malindi, mtambo wa sola wa megawati 40 unalisha gridi hiyo tangu Desemba 2021. Mwaka 2019 Mahakama ya Taifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na watu wa Lamu ndio waliosimama kudai hivyo. Lakini ukivuka maji, kituo cha Faza kilijengwa kwa dizeli, cha Kiunga, kule bara kaskazini, vilevile, na vijiji vidogo vingi vimeishi kwa jenereta za kijiji, za duka au za mtu binafsi. Watu waliokataa makaa ya mawe hawastahili kuachiwa moshi wa jenereta mlangoni.

Hasara ya dizeli ni kubwa kuliko inavyoandikwa vitabuni mwa ushirika, na sababu yake ni usiku. Jenereta nzima, yenye mzigo wa kutosha, hutoa yuniti 3 hadi 3.5 kwa lita moja. Jenereta hiyohiyo ya kVA 100, yaani yenye uwezo wa kama kilowati 80, ikiwa usiku wa manane inabeba kilowati 12 tu, za friza na taa za nje, haitoi hata yuniti 2 kwa lita. Tena inajiharibu. Chini ya thuluthi moja ya uwezo wake injini haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua hupanda kwenye bomba la moshi yakawa masizi mabichi, ringi za pistoni hushika, oili huanza kupungua, na mkono ukigusa mdomo wa ekzosi unatoka na utelezi mweusi. Hapo fundi huitwa, hubadilisha nozeli, na baada ya miezi michache huitwa tena kwa ugonjwa uleule. Ugonjwa ni mzigo mdogo. Nozeli hazikuwa na kosa.

Tuchukue kijiji cha nyumba 300, ili tuzungumze kwa hesabu. Nyumba moja yenye taa, feni, simu na televisheni, na baadhi zenye friji, tukadirie yuniti 0.7 kwa siku: jumla 210. Mtambo wa kutengeneza tani moja ya barafu hula kama yuniti 80 kwa joto letu la pwani. Friza 20 za maduka, 40. Zahanati 12, shule na madrasa 8, msikiti na pampu yake 10, pampu ya maji ya kijiji 10, taa za njia 10. Jumla ni yuniti 380 kwa siku. Ongeza asilimia 10 zinazopotea kwenye nyaya na inveta, utafika karibu 420.

Washauri wengi hapa huchukua wastani wa jua wa mwaka mzima na wastani wa mzigo wa mwaka mzima, wakagawanya, wakaandika ripoti. Visiwani mwaka hauna wastani, una misimu. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari imetulia, samaki ni wengi, barafu inatakiwa kila siku, na jua ni kali: kilowati moja ya paneli hutoa kama yuniti 4.3 kwa siku. Kusi, hasa Mei hadi Julai, mawingu ni mazito na kilowati hiyohiyo hushuka hadi kama 3.3, lakini bahari imechafuka, madau mengi yako juu, na mtambo wa barafu unafanya nusu ya kazi. Jua na barafu vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Mwenye kuhesabu kwa misimu ataona kwamba miezi ya kusi ndiyo inayoamua: 380 ukitoa 40 za nusu ya barafu ni 340, pamoja na upotevu ni 374, gawa kwa 3.3, unapata kilowati 113 za paneli. Tuseme 115. Hizo ni paneli 210 za wati 550, kwenye theluthi ya eka ukihesabu njia za kupita na uzio. Kijiji hicho kikiendeshwa kwa dizeli tupu kitachoma karibu mapipa 240 ya lita 200 kila mwaka, yote yakivushwa kwa mashua, na wakati wa kusi mashua hizo ndizo zinazochelewa.

Betri ihesabiwe kwa usiku mmoja kamili. Kijiji hiki, kuanzia Maghrib hadi jua kuchomoza, kitahitaji kama yuniti 200. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma tusizitumie kupita asilimia 80 ya ujazo wake, kwa hiyo ni 250. Baada ya miaka 10 zitakuwa zimepoteza kama humusi ya uwezo wake, na usiku bado ni uleule, kwa hiyo tununue 310 tangu mwanzo. Hii ndiyo nambari inayokatwa kwanza zabuni inapobanwa, kwa sababu paneli zinaonekana kwenye picha ya uzinduzi na betri ziko chumbani. Wakati wa daku ndipo watu wanapojua nini kilikatwa.

Tafadhali mzigo upimwe kabla ya zabuni kutoka. Kifaa cha kurekodi kifungwe kwenye nyaya kubwa za jenereta kwa siku zisizopungua 30, na ndani ya siku hizo ziingie za Ramadhani au zipimwe peke yake. Ramadhani saa za kula hugeuka: majiko na blenda jioni, taa na feni hadi alfajiri, friza zikifunguliwa kila dakika kabla ya futari. Kadirio la mezani halilioni hilo.

Kuhusu jenereta, msiiuze. Ibaki, ndogo kuliko ilivyokuwa, iwashwe na mtambo wenyewe pindi betri zinaposhuka hadi asilimia 25, ifanye kazi saa mbili au tatu ikiwa imebebeshwa asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake huku ikijaza betri, kisha izimwe. Hivyo inachoma kidogo na inachoma vizuri. Anayeahidi kijiji kuishi bila dizeli kabisa tangu mwaka wa kwanza, kwa bei ileile, amepunguza kitu mahali fulani.

Mfano wa ushirika uliovuka njia hii upo, na uko kisiwani vilevile. Kauai, katika visiwa vya Hawaii, wakazi walilinunua shirika lao la umeme mwaka 2002 wakaliita Kauai Island Utility Cooperative. Wakati huo karibu stima yote ilikuwa ya mafuta yaliyoletwa kwa meli. Mwaka 2017 walifungua mtambo wa sola wa megawati 13 wenye betri za megawati-saa 52, na muda mfupi baadaye mwingine wa megawati 20 wenye megawati-saa 100. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2020 zaidi ya nusu ya stima yao ilikuwa safi. Wao ni wakubwa kuliko sisi mara nyingi, kwa hiyo nambari zao si za kunakili. La kunakili ni mkataba. Ule mtambo wa 2017 ushirika haukuununua: ulikubaliana na mjenzi kulipa senti 13.9 za dola kwa kila yuniti inayoingia kwenye nyaya zao, kwa miaka 20, na betri zile ziliwekwa ili jua la mchana litumike jioni. Mtambo usipotoa, mjenzi halipwi. Anayekaa na wasiwasi wa kutu ni mjenzi.

Na kutu kwetu ina haraka. Zabuni tulizoziona huandika "chuma kisichoshika kutu" na kuishia hapo. Stenlesi ya daraja 304 ndani ya mita 200 za bahari huanza kutoa madoa ya kahawia mapema sana, hasa chini ya washa za bolti, mahali chumvi inapokaa na mvua haifiki. Iandikwe 316. Fremu ya paneli ni aluminiamu. Ikikutana na bolti ya chuma huku kuna unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe, tundu linapanuka, na upepo wa kusi unaanza kutikisa paneli. Panahitajika washa za plastiki ngumu kati ya metali mbili. Miguu ya chuma ichovywe kwenye zinki ya moto. Rangi ya kupuliza haitoshi. Paneli ziwe zimefaulu kipimo cha ukungu wa chumvi cha IEC 61701, na cheti kiambatishwe chenye jina la modeli ileile inayoletwa, kwa maana tumeona vyeti vya modeli nyingine.

Viunganishi vya nyaya za paneli navyo viwe vya kiwanda kimoja, dume na jike. Vya viwanda viwili vinaweza kuingiana vizuri kwa mkono lakini mgusano wa ndani ni hafifu, unapata joto, chumvi inaingia, plastiki inayeyuka. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati. Masanduku ya nyaya yaingizwe waya kutoka chini, kamwe si juu, na kila tundu lisilotumika lizibwe, kwa sababu mijusi na sisimizi hupenda joto la inveta na mjusi mmoja juu ya terminali mbili anatosha kuzima kijiji.

Paneli zilazwe nyuzi 10 hadi 15. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwelekeo wa kaskazini au kusini hauleti tofauti kubwa; mlalo huo ni kwa ajili ya mvua kusafisha vumbi, chumvi na kinyesi cha kunguru. Maji ya kuoshea yawe ya jabia au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko mweupe kwenye kioo ambao ni vigumu kuutoa.

Chumba cha betri kijengwe kwa mawe na chokaa, kuta nene kama tulivyojengewa na wazee, kiwe na dari mbili zenye hewa kati yake na madirisha upande wa kivuli. Betri inayokaa kwenye nyuzi 35 huzeeka haraka kuliko ile ya nyuzi 25 hata kama haifanyi kazi yoyote. Makuti yasiwekwe juu yake wala karibu yake. Faza iliungua mwaka 2009, na hakuna anayehitaji kuelezwa moto unavyoruka kutoka paa hadi paa. Kiwanja kisiwe pia cha kukatia mikoko. Ardhi tupu nyuma ya mji ipo.

Sasa tunaomba wahandisi wenu wasome aya hii polepole, maana hapa ndipo mitambo mipya inapozimika bila mtu kuelewa kwa nini. Jenereta ikipata shoti kwenye nyaya hutoa mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, na breka ya nyumba yenye shoti inaruka. Inveta haiwezi hivyo. Inatoa kama mara 1.2 hadi 1.5 ya uwezo wake, basi. Breka nyingi zilizofungwa majumbani zinataka mara 5 hadi 10 ya mkondo wake wa kawaida ili ziruke papo hapo. Kwa hiyo waya ukigusana mwisho wa kijiji, breka ile haioni kitu, inveta inajilinda kwa kuzima, na mji wote unaingia giza kwa sababu ya soketi moja. Mwendeshaji anawasha upya, inazima tena. Dawa yake ni fyuzi ndogo zilizohesabiwa upya kwa kila tawi la laini, breka zinazoruka kwa mkondo mdogo, na kinga ya kuvuja stima katika kila nyumba. Kinga hiyo nayo haifanyi kazi ipasavyo bila ethi nzuri, yaani fimbo za chuma zinazopeleka stima iliyovuja ardhini, na ardhi yetu ya matumbawe ikikauka haipitishi stima. Fimbo moja haitoshi. Zipigwe tatu au nne, ziunganishwe, zipimwe mwezi wa Februari ardhi ikiwa kavu, kipimo kishuke chini ya omu 10. Tuonyeshwe karatasi ya kipimo.

Mota ya barafu ni jirani wa tatizo hilo. Mtambo wa tani moja una mota ya kama kilowati 12, na inapoamka huvuta mara 5 hadi 7. Inveta ya kilowati 60 itazima. Ifungwe kifaa cha kuiamsha polepole, na saa iiruhusu kufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri peke yake. Barafu iliyogandishwa mchana ni betri ya bei rahisi kuliko zote: inakaa kwenye sanduku lenye kuta za foamu hadi alfajiri, wavuvi wanapoondoka. Mashine za kuchuja chumvi kwenye maji ziwekewe saa hizohizo.

Bodi za ushirika, hili ni lenu. Stima ya jua haina mafuta ya kununua kila wiki, na hapo ndipo panapodanganya. Pesa zinabaki kwenye akaunti, zinaonekana kama faida, zinagawanywa au zinakopeshwa. Ikiwa betri mpya zitagharimu shilingi milioni 8 baada ya miaka 10, na kijiji kinauza kama yuniti 360 kwa siku, basi shilingi 6 katika kila yuniti si zenu, ni za betri. Weka shilingi 2 nyingine kwa inveta na vipuri. Shilingi hizo 8 ziende kwenye akaunti ya peke yake inayohitaji sahihi ya mkutano mkuu kutolewa. Mita ziwe za tokeni kwa kila mtu, ikiwemo nyumba ya mwenyekiti, ofisi za serikali na msikiti. Kijiji kikitaka kuuhisani msikiti, kiununulie tokeni, hesabu ionekane.

Na ufunguo wa mtambo uwe wa ushirika. Mkandarasi anapoondoka na neno la siri la inveta, kubadilisha kiwango kimoja cha kuchaji betri kunahitaji safari ya fundi kutoka Nairobi. Pia mtambo huripoti hali yake kwa laini ya simu. Bando likiisha, hakuna anayejua kwamba safu moja ya paneli ilikufa tangu mwezi uliopita. Malipo ya mwisho yazuiwe hadi ushirika upokee maneno yote ya siri, mchoro wa nyaya kama zilivyofungwa, orodha ya viwango vilivyowekwa, na mwongozo wa Kiswahili. Vipuri vikae kisiwani: inveta moja nzima, paneli 6, fyuzi za kila saizi, viunganishi 50, na feni za inveta, ambazo ndizo zinazokufa kwanza.

EPRA, mnasajili mafundi wa sola kwa madaraja T1, T2 na T3 tangu kanuni za mwaka 2012, na mifumo mchanganyiko kama hii ni ya T3. Tunaomba mtihani na mafunzo ya daraja hilo yafanyike Lamu au Malindi, na kila mkataba udai vijana wawili wa kijiji wafunzwe hadi wasajiliwe. REREC, katika mradi wa sola wa kaunti 14 ambao Lamu imo, wekeni kipimo cha malipo tulichokitaja juu: yuniti zilizofika kati ya saa moja usiku na saa kumi na moja alfajiri, zilizosomwa kwenye mita ambayo ushirika na mkandarasi wote wana nakala yake. Zikipungua asilimia 95 ya zilizoahidiwa kwa mwezi, malipo yapungue. Na betri za madini ya risasi zitakazotolewa majumbani zikusanywe kwa mkataba huohuo, mkandarasi azirudishe bara. Nyingine tayari zinavunjwa pwani ili kuuzwa risasi, na asidi inamwagwa mchangani.

Tuko tayari kupima mzigo wa kila kijiji. Tunahitaji barua ya ruhusa, vifaa vitatu vya kurekodi, na kitabu cha mafuta cha kila jenereta kwa miezi 12 iliyopita. Kazi ikianza kabla ya kaskazi, hesabu ya msimu wa samaki itapatikana ikiwa ya kweli. Rasimu za zabuni tunaomba zibandikwe Mokowe, Amu na Faza kwa Kiswahili, siku 30 kabla ya kufungwa, ili wanachama wazisome na kuuliza.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa umeme wa jua na wa mitambo ya barafu
Visiwani, Lamu